Je, Mwenye Khofu Ana Lawama?

Katika mambo ambayo watu huyapitisha vinywani upesi bila ya kuyapima ni ile kauli isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Fitina ikizuka katika nchi, nyumba zikachomwa na watu wakauawa, kisha moto ukazimika, wakubwa husimama mbele ya waliodhulumiwa wakawaambia maneno hayo, nao hutaraji kwamba jambo limekwisha. Asiyeweza kusahau huhesabiwa kuwa ni mwoga, au ni mtu wa kinyongo, au kwamba subira yake ni haba. Sisi twataka kuliuliza swali hili kwa utulivu: Mtu aliyedhulumiwa, kisha khofu ikamkaa moyoni miaka mingi, je, ana lawama kwa khofu hiyo? Na kama hana, basi wajibu ni wa nani?

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutachukua mfano kutoka nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Msomaji wa pwani asidhani kwamba mambo ya huko hayamhusu. Majani yachumwayo katika vilima vile huteremshwa mpaka Mombasa, yakauzwa mnadani na kupakiwa melini, na sehemu yake huishia katika vikombe vyetu asubuhi na alasiri. Ni haki kumjua mtu ambaye mikono yake imekuletea kinywaji chako.

Nchi ile i juu, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya karibu mwaka mzima. Makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ya Wakipsigis. Kazi ya kuchuma ilipohitaji mikono mingi, walikuja Wakisii, Wajaluo, Waluhya na wengineo, wakakaa katika nyumba za mashambani, na wengine wakazaa watoto ambao hawakujua kwao ila hapo. Tarehe 30 Disemba 2007, Tume ya Uchaguzi ilipomtangaza Mwai Kibaki kuwa ndiye mshindi wa urais na upande wa Raila Odinga ukakataa, nchi iliwaka. Ilipofika tarehe 28 Februari 2008, siku viongozi hao wawili walipotia sahihi mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekwisha kuuawa katika Kenya, na malaki walikuwa wameyakimbia makazi yao.

Katika mashamba ya chai, wale waliodhaniwa kuwa ni wa upande wa pili kwa sababu ya kabila lao walivamiwa katika nyumba zao, wakapigwa, wanawake wakaingiliwa kwa nguvu, vyombo vikaporwa, na wengine wakajificha katikati ya michai. Huko Chebilat, penye mpaka wa Sotik na Borabu, Wakipsigis na Wakisii walipigana kwa mishale na kuchomeana nyumba, na kila upande ukapata msiba wake. Baadaye watu 218, wafanyakazi na aila zao, walipeleka madai London wakisema kwamba kampuni iliyomiliki shamba walilokuwamo ilipaswa kuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya huko ilikataa kesi ile isiendelee dhidi ya kampuni mama.

Amani ilirudi, na wengi walirudi kazini, kwani tumbo halingoji. Lakini ukikaribia uchaguzi, wapo wanaowatanguliza wake na watoto wao makwao, na wapo wanaofunga virago wao wenyewe. Hakuna aliyewatisha wiki ile. Pengine ni kelele za vijana barabarani tu, au mbisho wa mlango usiku, mwili ukatetemeka kama kwamba ni ule ule usiku wa kwanza. Basi hapo ndipo watu huwahukumu. Huyu husema, ni waoga. Yule husema, hawatupendi, baada ya miaka yote hii bado watushuku.

Kabla ya kuhukumu, yafaa tujue khofu hukaaje katika mwili wa mwanadamu, kwani elimu ya zama hizi imefunua mengi katika jambo hili.

Mtu akipatwa na kitisho, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo humwaga homoni katika damu. Ya kwanza ni adrenalini, nayo huja papo hapo: moyo ukaenda mbio, pumzi zikapanda, miguu ikapata nguvu ya kukimbia. Ya pili ni kotisoli, ambayo hufuata nyuma yake kwa dakika kadhaa na hukaa muda mrefu zaidi. Homoni hizi hazikuwekwa kwa madhara. Lau si hizo, mtu angesimama akiutazama moto mpaka umfikie. Kazi yao nyingine ni kuuhimiza ubongo ulihifadhi lile lililotokea, ili mtu asinaswe mara ya pili. Ndani ya ubongo kuna kifundo kidogo mfano wa lozi, kiitwacho amigdala, nacho huunganisha hatari na alama zilizoandamana nayo: sauti, harufu, mahali, saa ya usiku. Homoni zikiwa nyingi, kiungo hicho hufungwa kwa nguvu. Ndiyo maana mtu husahau alichokula juma lililopita, wala hasahau usiku aliovunjiwa mlango, ijapokuwa imepita miaka kumi na zaidi.

Tena liko jambo lililojulikana karibuni. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba kazi hii yote hufanywa na seli za neva peke yake. Seli nyingine zilizozizunguka waliziita glia, neno la Kiyunani lenye maana ya gundi, kwani waliziona kama udongo wa kukandikia tu, uliopo ili fito zisimame. Katika hizo ziko zenye umbo la nyota, ziitwazo astrositi, ambazo huzilisha seli za neva na kuzisafishia mahali pake. Sasa imedhihirika kwamba hao waliodhaniwa kuwa ni wasaidizi tu wana sehemu yao katika kumbukumbu ya khofu. Mwaka 2011 wataalamu wa New York walionyesha kwa panya kwamba astrositi huzipa seli za neva lishe iitwayo lakteti. Lishe hiyo ikizuiwa, mnyama hujifunza khofu kwa muda mfupi, lakini haimkai. Mwaka 2018 wataalamu wa Poland walionyesha kwamba astrositi za panya zikikosa kile kipokezi cha homoni ya jamaa ya kotisoli, kumbukumbu ya jambo la kuumiza hupungua nguvu. Na mwaka 2024 wataalamu wa Houston waligundua kwamba ziko astrositi maalumu ambazo huamka mnyama anapojifunza khofu. Zikiamshwa tena kwa ustadi, mnyama huganda kwa khofu hata akiwa mahali ambapo hajapata kudhurika.

Ni kweli kwamba panya si mwanadamu, wala hana uchaguzi wala mpaka wa kabila. Lakini tezi zake, homoni zake na kile kifundo cha amigdala ni vya asili moja na vyetu, na yanayoonekana kwake yatuonyesha njia ya kufahamu yanayotupata. Basi mwenye insafu na atazame. Mwanamke yule mchuma chai, ambaye mkono wake hutetemeka asikiapo kelele barabarani, hakuichagua khofu yake. Iliandikwa na tezi, na damu, na seli ambazo hazijui kwa jina, wala hakuombwa ruhusa. Kumwambia asahau ni kama kumwambia aliyevunjika mguu atembee sawasawa kwa sababu aliyemvunja amekwisha kwenda zake. Kauli ya kwamba yaliyopita si ndwele ni njema kwa wagomvi wawili waliolingana, waliotukanana sokoni. Ama kwa mtu wa namna hii, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Walakini hatuwezi kukomea hapo, kwani jambo lina upande wa pili, nao ni mzito zaidi.

Wataalamu wa Toronto, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2024, waliwafundisha panya sauti mbili. Sauti moja ilifuatwa na maumivu, na ya pili haikufuatwa na kitu. Panya wa kawaida alijua kupambanua: aliganda kwa sauti ya kwanza, na kwa ya pili alitulia. Lakini panya aliyesumbuliwa kabla ya somo, au aliyetiwa homoni ile ile ya dhiki, aliziogopa sauti zote mbili sawasawa. Walipotazama ndani ya amigdala waliona kwamba kwa panya wa kawaida kumbukumbu ilikaa katika seli chache, na kwa yule mwenye dhiki ilienea katika seli nyingi kupita kiasi, kama wino uliomwagika juu ya karatasi. Na homoni ile ilipozuiwa kwa dawa, panya aliweza tena kupambanua.

Wazee wetu hawakuwa na maabara, nao walikwisha kusema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na tuutazame ung'ongo wa Kericho ni nani. Waliovunja mlango usiku ule walikuwa watu wenye nyuso na majina, pengine watano, pengine ishirini. Lakini khofu haijui hesabu. Hutoka kwa wale ishirini ikaenea kwa kila asemaye lugha yao, kwa muuza maziwa, kwa mwalimu wa mtoto, na hata kwa jirani ambaye huenda usiku ule ule alimficha mtu chini ya kitanda chake. Hapo dhuluma ya pili huzaliwa, na hii haifanywi na mvamizi, bali hufanywa na aliyevamiwa. Kwani mtu asiye na kosa lolote huhukumiwa moyoni kwa kosa la mwingine, kwa sababu tu amezaliwa pamoja naye katika kabila moja.

Kwa hivyo twasema kwamba mshtuko hauna hesabu, na hukumu ina hesabu. Moyo ukienda mbio kwa kusikia lugha fulani, huo ni mwili, na mwenyewe hana lawama. Lakini moyo ukishatulia, akasema kwa ulimi wake kwamba watu wale wote ni wauaji, akamkataza mwanawe kucheza nao, akakataa kuajiri au kuoza kwa sababu hiyo, hayo si mwili tena. Hiyo ni hukumu, na kila mwenye kuhukumu hutakiwa ushahidi. Sote twajua kwamba tumekatazwa chuki juu ya kaumu isitupelekee kuacha uadilifu, na katazo hilo halikuwahusu wenye raha peke yao. Linawahusu zaidi walioumizwa, kwani wao ndio wenye sababu ya kuchukia.

Huenda mtu akatuambia: Mkimwondolea lawama mwenye khofu, mmemwondolea na mchomaji nyumba, kwani naye husema kwamba alikuwa akiogopa, aliogopa ardhi yake kuliwa na wageni. Jawabu yetu ni hii. Khofu hiyo ina asili ya kweli, wala hatuikanushi. Ardhi ya Wakipsigis ilichukuliwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni. Mwaka 1934 serikali hiyo ilitunga sheria mahsusi ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi karibu na ziwa Viktoria, mahali pa joto na maradhi, wakakaa huko mpaka karibu na uhuru. Watoto wao na wajukuu wao wangali wakidai haki yao hata leo. Mwenye kumtaka Mkipsigis asahau hayo amemdhulumu kama vile yule mwenye kumtaka mchuma chai asahau mwaka 2008.

Lakini mchuma chai hakumnyang'anya mtu ardhi. Yeye alikuja na kikapu mgongoni kuuza nguvu zake, akalipwa kwa kilo. Aliyemchomea nyumba kwa ajili ya dhuluma ya mwaka 1934 naye amempiga ung'ongo, na nyoka amemwacha. Tena baina ya kutetemeka na kuchoma kuna safari ndefu. Mafuta hutafutwa, wenzi huitwa, nyumba huchaguliwa, kiberiti huwashwa kwa mkono. Katika kila hatua ya safari hiyo akili ilikuwako, na mlango wa kurudi ulikuwa wazi. Mtu husamehewa mtetemeko, wala hasamehewi safari.

Na mwingine atasema: Tuwaacheni, siku zitawasahaulisha. Hili nalo halikuthibiti. Tangu zama za Pavlov, yule mtaalamu wa Kirusi, imejulikana kwamba jambo lililofundishwa kwa ishara likionekana limekufa, baada ya kupumzika huweza kurudi. Mnyama akisikizishwa sauti ya khofu mara nyingi bila ya kuumizwa, khofu hutulia. Lakini ile ya kwanza haikufutwa. Kilichotokea ni kwamba amejifunza jambo jipya, la kuwa sauti hii sasa ni ya salama, na hili jipya limekaa juu ya lile la zamani. Likidhoofika, au mnyama akihamishwa mahali, au akipata kitisho kingine, la zamani huinuka tena. Ndiyo sababu miaka minne hupita kwa utulivu Kericho na Sotik, na mwaka wa tano khofu ikaamka.

Basi usalama ni somo, na somo halisomwi mara moja. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na nafsi, na ndani yake akaihesabu khofu miongoni mwa maradhi ya nafsi yanayohitaji kutibiwa kama yanavyotibiwa maradhi ya mwili. Yeye hakuona kwamba mgonjwa wa khofu ni mtu wa kukaripiwa. Ikiwa mtu wa miaka zaidi ya 1,000 iliyopita alilifahamu hilo, sisi hatuna udhuru.

Na wajibu umegawanyika. Aliyeumizwa ana wajibu wa kupambanua, awataje waliomdhulumu kwa majina yao, wala asiwataje kwa kabila lao. Jirani asiye na kosa ana wajibu wa kutokasirika kwa kuogopwa, jambo ambalo ni gumu, kwani mtu mwema huudhika sana kushukiwa. Na ajue kwamba kila siku anayomsalimu mwenzake, akamsaidia mzigo, akampelekea mgonjwa wake hospitali, na hasa siku zile za uchaguzi anapokwenda kumwambia, mimi nipo na nyumba yangu ni yako, anamfundisha lile somo jipya. Mwenye shamba ana wajibu wa taa, milango madhubuti na walinzi kabla ya fitina, si baada yake.

Ama serikali, wajibu wake ni mkubwa kuliko wote, nao ni kuwahukumu wakosaji mmoja mmoja. Watu hudhani kwamba hukumu ni kwa ajili ya kulipiza tu. Mahakama ikimtaja mkosaji kwa jina lake na la baba yake, wakati huo huo imewatoa lawamani maelfu ya jamaa zake. Imempambanulia mwenye khofu sauti ya hatari na sauti ya salama. Pasipo hukumu, kabila zima hubaki limeshukiwa. Kesi zilizopelekwa Hague kwa ajili ya machafuko yale zilikwisha bila ya mtu kutiwa hatiani, na ya mwisho ilifungwa mwaka 2016. Na za nyumbani zilikuwa chache mno. Wenye kuwaambia watu wasahau ni wale wale ambao hawakuwafanyia jambo la kuwawezesha kutulia.

Haya hatukuyaandika ili tuwatazame watu wa bara kwa mbali. Mwezi wa Agosti mwaka 1997, hapa Likoni, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi, kisha wakawaandama watu wa bara, wakawaua na kuwachomea nyumba na vibanda vyao. Baada yake ukaja msako, na vijana wengi wa pwani wasiojua lolote wakakamatwa na kupigwa. Wote hao wangali miongoni mwetu. Yuko muuza duka wa kutoka bara ambaye hufunga mapema siku za uchaguzi, na wapo kati yetu wasemao kwa uchungu, huyu hatuamini. Na yuko mzee wa pwani ambaye kila aonapo gari la polisi limesimama mtaani humwita mwanawe ndani, na wapo wa bara wasemao, kwa nini akimbie kama hana kosa?

Twaomba kila mmoja wetu, kabla ya kusema neno lake, akumbuke kwamba mwenzake hakuomba kutetemeka. Asimwambie asahau. Na ampelekee salamu, aketi naye barazani, anywe naye kikombe cha chai siku hiyo na siku ya pili yake, na uchaguzi ukija asikae mbali naye.